Gari likigoma likiwa la moto, lipimeni hapo hapo

Mhariri,

Gari la petroli lililopanda mlima wa Kitonga bila shida, likazimwa Ilula, kisha likagoma kuwaka hadi lipoe, si lazima libadilishiwe pampu ya mafuta. Mafundi wenzangu wa Iringa na Mbeya, lipimeni likiwa bado la moto. Likishapoa ushahidi umepotea.

Starta ikizunguka kivivu, pimeni betri wakati huo huo: chini ya volti 9.6, anzeni na betri. Ikizidi hapo, kagueni nyaya na starta. Ikizunguka kwa nguvu, angalieni cheche ya plagi. Isipokuwepo, mshukiwa mkuu ni sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta ya injini wakati wa kutoa cheche, maana waya wake wa ndani hutanuka kwa joto ukakatika. Ipozeni kwa kitambaa chenye maji. Gari likiwaka, mmeipata. Cheche ikiwepo, ndipo mpime presha ya mafuta. Inauma mteja kulipia pampu isiyopimwa.

Fundi, Mafinga