Madalali wa fleti za Dubai wabanwe

Mhariri,

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Siku hizi madalali wanatufuata hadi kwenye magunia na picha za fleti za likizo Dubai: lipa kidogo kidogo, pangisha watalii, ule kodi ukiwa Mwanza. Hawatamki kwamba ada ya usajili kule ni asilimia 4 ya bei, wala kwamba gharama za huduma za jengo hulipwa kila mwaka, mpangaji awepo asiwepo. Mmoja akaniongezea kwamba nikinunua nyumba Ureno nitapata kibali cha ukaazi kule. Nikamwambia Ureno ilifuta njia hiyo ya kupata kibali kwa kununua nyumba mwaka 2023. Akahamia kwa jirani yangu, bila hata haya! Waandishi wenu wawabane: jengo lisipokamilika, fedha zetu anazishika nani?

Mfanyabiashara wa dagaa, Mwanza