Usimnunie shemeji yako

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nazifupisha, maana kuna neno limenikaa kooni tangu Jumapili. Sisi wazima, ukimtoa huyo unayemjua.

Shemeji yako hakukudhihaki. Umemwambia "Habari za siku nyingi?" akakujibu "Habari za siku nyingi." Umemuuliza "Mbona hunijibu?" naye "Mbona hunijibu," kama kasuku. Ukakata simu. Hata mimi ningekata, kwa mtu ambaye miaka yote kazi yake ni kukutania. Lakini ndio ugonjwa wenyewe, shoga. Damu ilivuja ndani kabisa ya ubongo, upande wa kushoto, mahali wanapopaita thalamasi. Presha ile aliyokuwa akiidharau ndiyo iliyopasua kimshipa chembamba huko ndani. Daktari anasema kusikia na kurudia maneno kumesalimika. Kilichovurugika ni kuyachagua na kuyaanzisha mwenyewe. Ukimpa sentensi anakurudishia nzima. Ukimwachia aanze yake, anakwama.

Tena si kila saa. Asubuhi huwa afadhali, jioni akichoka maneno yanachanganyika. Juzi nilimwonyesha kijiko, akasema "funguo." Kikombe, funguo. Nikajionyesha mimi mwenyewe, mama wa wanawe: funguo! Nilicheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha machozi yakabaki.

Halafu mkono, wa kulia. Wiki kadhaa baadaye, nguvu zilipoanza kurudi nami nishaanza kushangilia, vidole vikaanza kucheza vyenyewe. Akifumba macho vinainuka na kujipinda polepole kama vya mtu anayepapasa kitu gizani. Akivitazama vinatulia. Nilidhani damu imevuja tena, nikamkimbiza hospitali. Kumbe ubongo haupati tena habari mkono uko wapi, macho ndiyo yanauchunga. Taa ikizimwa, hana mchungaji. Nimeshakula kofi moja usingizini, na sina wa kumshitaki. Bi Zuena naye akaja na yake, eti hayo si ya hospitali. Nilichomjibu... basi, nitakusimulia ukija.

Narudi palepale kwenye simu. Ulipokata, alibaki ameishika, hataki niichukue. Alijua umekasirika. Watu wanadhani amekuwa mtoto, wanaongea mbele yake kama hayupo, na yeye anafahamu. Baadaye akaniita kwa hiki kisauti chake cha siku hizi, lazima umsogelee, akasema, "Mwana... Mwana..." Nikangoja. Akamalizia, "funguo." Akapiga ngumi godoro kwa mkono mzima.

Kwa hiyo piga tena. Piga asubuhi. Swali moja, kisha nyamaza, hata kimya kikikuchoma. Usimmalizie neno, tafadhali, mimi mwenyewe ndilo kosa langu la kila siku. Akikurudishia maneno yako, usikate, geuza swali. Mtajie baiskeli ya Mwalimu Kombo. Nilipoitaja mimi alicheka, na baada ya muda akasema "breki" bila kuambiwa na mtu.

Mguu wa mama unaendeleaje? Yule kijana wako aliitwa kwenye usaili au bado? Saida mbona kimya, au nimemkosea na mimi sijui? Na wewe, bado umenuna? Utapiga lini, Jumamosi?

Wako,
Mama Zuhura