Kichujio cha udongo kinachowahi kujaza ndoo ni kibovu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila vichujio vya udongo vinapogawiwa au kuuzwa kwa bei nafuu pasipo na maji salama, sifa inayotangulia ni kwamba "vinatoa maji upesi". Sisi tunaovifinyanga tunaona sifa hiyo ndiyo inayowaponza watumiaji. Kichujio hiki ni chungu kinachokaa ndani ya ndoo yenye koki: maji hupenya kuta zake na kudondokea ndooni. Chungu kizima kilichojazwa pomoni hupitisha lita 1 hadi 2.5 kwa saa. Kikipitisha lita 5, maji yamepata njia ya mkato, na vijidudu navyo vimepita humo humo.

Siri iko kwenye mchanganyiko. Udongo mkavu hutwangwa ukawa unga, ukachanganywa na kitu kinachoungua, kama pumba za mpunga au vumbi la mbao, kilichosagwa na kuchekechwa kwa wavu wa matundu ya milimita 1 hivi. Kwa kilo 30 za udongo, pumba kilo 9 hadi 10 na maji lita 14 ni mwanzo mzuri. Kutoka hapo kila udongo una tabia yake, na fundi huongeza au hupunguza pumba kidogo kidogo. Donge hukandamizwa kwenye kalibu kwa jeki ya lori, likaushwe kivulini, kisha lichomwe hadi nyuzi 850 au 900 hivi za Selsiasi. Pumba huungua na kuacha vitundu vyenye upana wa kama sehemu moja ya elfu ya milimita, vilivyopindapinda. Bakteria hukwama humo, na vimelea vikubwa zaidi kama amiba.

Ubunifu huu ulianzia Guatemala mwaka 1981, kwa Fernando Mazariegos, na leo uko wazi kwa karakana yoyote. Ndiyo maana ubora hutofautiana mno. Asiyechekecha pumba hupata matundu makubwa. Anayeanika juani hupata nyufa ambazo jicho halizioni. Anayepandisha moto kabla unyevu haujaisha chunguni hufungua tanuri akute vigae. Moto ukiwa hafifu, kiini hubaki cheusi na chungu humomonyoka majini. Ukizidi, udongo huyeyuka na kuziba vitundu.

Kasoro hizi hunaswa kwa vipimo viwili visivyohitaji maabara. Chungu kilowekwe saa 24 kwanza, kwa sababu kikavu hunywa maji chenyewe na kutoa kipimo cha uongo. Kisha kigeuzwe mdomo chini na kuzamishwa kwenye pipa. Vitundu vidogo vilivyolowa huzuia hewa, kwa hiyo palipo na ufa ndipo mapovu yatakapotoka mfululizo. Kilichopona kijazwe hadi ukingoni, na baada ya saa moja yapimwe maji yaliyopungua. Kinachokimbia kivunjwe hapo hapo, kisiuzwe kwa bei ya hasara. Kinachopitisha chini ya lita 1 nacho hakifai: familia ya watu sita itakichoka na kurudia maji ya mtungini.

Madini ya fedha hupakwa baada ya vipimo, si badala yake. Kipimo kilichozoeleka ni mililita 2 za mchanganyiko wa asilimia 3.2 ndani ya mililita 300 za maji yaliyochujwa, chungu kipakwe ndani na nje. Fedha huzuia bakteria kuota kwenye kuta. Haizibi ufa.

Nyumbani, maji yenye tope yatuame usiku kucha na kupitishwa kwenye kitambaa cha pamba kabla ya kumiminwa. Chungu kikizubaa, kisuguliwe ndani tu kwa brashi laini na maji yaliyochujwa. Sabuni ni ya ndoo na koki. Ikiingia kwenye chungu inaziba. Kosa tunaloliona zaidi ni chungu kuwekwa sakafuni wakati ndoo inaoshwa: uchafu wa kitako unadondokea moja kwa moja kwenye maji safi. Kiwekwe juu ya sahani iliyooshwa. Anayetumia klorini aitie kwenye ndoo ya chini, maana inaila ile fedha.

Virusi vingi ni vidogo kuliko vitundu hivi. Floridi, aseniki na chumvi hupita kama vile hakuna kizuizi, na muuzaji anayeahidi vinginevyo anadanganya.

Halafu kuna kuvunjika. Utafiti wa Kambodia uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa matumizi yalipungua kwa takriban asilimia 2 kila mwezi, sababu kubwa ikiwa kuvunjika. Hata hivyo miradi mingi hununua seti kamili na kusahau vyungu vya akiba na koki. Ndoo nzima isiyo na chungu huishia kuwa ya kufulia.

Ombi letu kwa wanunuzi wa jumla ni kwamba kila chungu kiandikwe namba, tarehe ya kuchomwa na lita kilizopitisha kwa saa. Aliyekwisha kupewa chungu kisicho na alama akiloweke siku nzima, akijaze, asubiri saa moja, kisha akijazie tena kwa chupa ya lita moja huku akihesabu. Chupa zikizidi mbili na nusu, akirudishe.

Wafinyanzi wa vichujio vya maji