Idi, kanda zilizobaki usiziguse kwanza

Idi swahiba,

Salamu sana, na kimya changu unisamehe. Sisi hatujambo. Mengine nitakueleza siku nyingine, maana leo nina jambo moja linaloniwasha: ile faili ya sauti ya marehemu mzee uliyonitumia, na yale maneno uliyoandika chini yake, kwamba zimebaki kanda 37 za kaseti za kuhamishia kwenye kompyuta, ukizimaliza wiki hii unatupa zote. Usizimalize, Idi. Na usitupe hata moja. Simama hapo hapo ulipofika.

Nimesikiliza dakika zote 30 za upande wa kwanza. Mzee anaeleweka, lakini kila penye S pamefumba. "Sasa sikilizeni" inafika sikioni kama "thatha thikilizeni", na mzee hakuwa na kithembe. Shomari kakwambia utepe umechoka, pandisha treble, yaani zile sauti za juu, kwenye programu, basi. Shomari namheshimu kwenye mambo ya umeme, ila hapa kakurupuka. Nimefungua faili kwenye Audacity, ile programu ya kuhariri sauti, nikavuta picha ya mawimbi mpaka yakaonekana moja moja: la kushoto linatangulia, la kulia linafuata nyuma kidogo, hivyo hivyo mwanzo hadi mwisho. Mtu mmoja akiongea mbele ya maikrofoni moja, mawimbi ya pande zote mbili yangepanda na kushuka pamoja. Yakipishana namna ile, ujue hedi ya deki yako, kile kichwa kinachosoma utepe, imekaa upogo ukilinganisha na ile iliyorekodi.

Mwinamo huo ndio mafundi wanauita azimuthi, na unaharibu sana kwa sababu vitu vyenyewe ni vidogo mno. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 na unapita mbele ya hedi kwa sentimita 4.76 tu kila sekunde. Fanya hesabu: sauti ya hezi 8,000, kwenye maeneo ya S na SH, wimbi lake zima limelala kwenye utepe kwa urefu wa milimita 0.006. Mwanya wa hedi ukiinama kidogo tu, ncha yake ya juu inasoma kilele cha wimbi wakati ya chini inasoma bonde, vinafutana. Besi haijali, wimbi lake ni refu. Ndiyo maana ushauri wa Shomari hausaidii: ukipandisha treble kwenye kompyuta unapandisha kelele, kwa sababu ile S yenyewe haikuingia.

Dawa yake ni skurubu moja. Vua kile kifuniko cha plastiki cha mlango wa kaseti, utaona hedi imeshikwa na skurubu mbili, moja kila upande. Yenye springi chini yake, mara nyingi imetiwa tone la rangi isilegee, ndiyo ya azimuthi. Ile nyingine uione kwa macho tu. Kabla hujafanya lolote weka alama ya kalamu ionyeshe skurubu ilikuwa imeelekea wapi. Kisha cheza kanda, weka usikilizaji kwenye mono, yaani kushoto na kulia vichanganywe kuwa sauti moja, vaa hedifoni, uzungushe kwa bisibisi nyembamba isiyo na sumaku, polepole kama unayefungua kufuli la mtu. Robo ya mzunguko ni nyingi. Mono ni lazima kwa sababu ndipo kushoto na kulia vinapogombana waziwazi: ukiwa nje ya mahali sauti inakuwa na mlio wa bomba, ukikaribia inafunguka ghafla, ukipitiliza inafumba tena. Rudi pale ilipokuwa kali kuliko pote, uache hapo. Kama deki haina kitufe cha mono, mipangilio ya sauti ya kompyuta nyingi inacho.

Na hili ndilo watu hawapendi kulisikia: inafanywa kwa kila kanda, na mara nyingine kwa kila upande, kwa sababu kila kanda ilirekodiwa na mashine yake. Ila kanda za mzee naamini nyingi zilitoka kwenye redio moja, kwa hiyo huenda ukiipata moja nyingi zitafuata. Ukimaliza, rudisha skurubu kwenye alama.

Sasa, kabla ya bisibisi kuna usafi, maana hedi chafu inafumba sauti vilevile na utahangaika na skurubu bure. Kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili, asilimia 90 kwenda juu. Ile dhaifu ina maji mengi. Futa hedi, futa na kile kipini cha chuma kinachovuta utepe, badilisha kijiti mpaka kitoke cheupe. Gurudumu la mpira linalobana utepe kwenye kipini lisafishe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo sana, ukaushe. Alkoholi kila siku inakausha mpira. Hilo gurudumu likiwa linateleza au limepasuka ndilo linalotafuna kanda.

Ile sauti ya kulia inayopanda na kushuka kuanzia dakika ya nne sidhani ni azimuthi. Angalia ndani ya kaseti, katikati ya mdomo wake: pana kipande kidogo cha sufi kwenye bati jembamba la springi, kazi yake kuubana utepe kwenye hedi. Gundi ikizeeka kinadondoka, mara nyingine unakikuta kinatembea ndani ya kaseti. Kikikosekana utepe unagusa hedi kwa kubahatisha. Kama kaseti ina skurubu tano, ifungue ikiwa imelala mezani, label juu, uinue nusu ya juu taratibu, uchukue bati na sufi yake kutoka kaseti nyingine isiyo na maana. Kama imechomelewa, kisu chembamba pembeni, kisha uhamishie utepe kwenye ganda la skurubu. Usipige chafya.

Mengine ya kanda nayasema mbiombio. Vunja vile vijino viwili vya nyuma kabla ya kuingiza kanda kwenye deki yoyote, kidole kikikosea usiifute sauti ya mzee. Ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha mara moja kabla ya kurekodi, utepe uliokaa miaka bila kuguswa unajibana. Kanda ya dakika 120 usiichezee hivyo mara nyingi, utepe wake ni mwembamba kama nusu ya ule wa dakika 60. Ukiona unga mweupe wa ukungu kwenye utepe, hiyo iweke kando kabisa, usiitie kwenye deki safi. Kitufe cha Dolby, ule mfumo wa kupunguza kelele za kanda, kizime kama jalada halitaji Dolby. Na kama linataja, azimuthi kwanza ndipo Dolby, la sivyo inazidi kukata treble ambayo tayari haipo.

Halafu mvumo. Umechomeka waya kutoka tundu la hedifoni hadi tundu la maikrofoni la laptopu, sivyo? Tundu la maikrofoni limetengenezewa sauti dhaifu sana, linapasua, na mengi ni mono, ingawa lako naona lina pande mbili, bahati yako. Tumia matundu ya nyuma ya deki yaliyoandikwa LINE OUT, yaende kwenye kisanduku cha sauti cha USB chenye LINE IN. Mvumo ukibaki, chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri. Mara nyingi unaisha hapo. Zima sauti za ujumbe, zima kompyuta kulala yenyewe, na zima kila kitu cha kurekebisha sauti chenyewe, kwa sababu mzee akinyamaza kinapandisha kelele, akianza kinaishusha kama mtu anayecheza na swichi.

Rekodi kwa biti 24, hezi 48,000. Sehemu kali kuliko zote ifike kati ya -12 na -6 desibeli. Ikigonga sifuri imekatika, na iliyokatika hairudi. Saa moja ya stirio inakula kama GB 1, kwa hiyo kanda ya dakika 90 ni GB 1.5 na kidogo. Hifadhi WAV au FLAC, faili zisizopunguza chochote kwenye sauti. Ile MP3 uliyonitumia ni ya kusambaza kwa ndugu, siyo ya kuweka. Kupunguza kelele fanya kwenye nakala, desibeli 6 zinatosha, zaidi ya hapo mzee ataanza kuongea kama yuko ndani ya maji.

Na zile santuri za Bi. Zuhura, nimesikia unataka kuzifuta kwa alkoholi hiyo hiyo. Nakuomba! Za kasi ya 78, zile nzito zinazovunjika, ni za shelaki, aina ya utomvu mgumu, na alkoholi inayeyusha shelaki. Brashi laini na maji yaliyochujwa kwa mvuke, tone la sabuni, usilowanishe karatasi ya katikati, ukaushe. Sindano yako ya LP ni nyembamba mno kwa mfereji wake, inazama chini kwenye uchafu. Ya 78 ina ncha ya mikroni 75 hivi, ya LP kama 18. Hizo zisubiri mpaka upate sindano yake.

Lakini narudi pale pale, Idi, kwenye skurubu. Hata kama mengine yote utayaacha, hiyo usiiache.

Niambie basi: deki yako ina mota ngapi, na belti zake ni nzima au zimeanza kuwa lami? Zile tatu ulizokwisha rekodi ni zipi, za mwanzo au za mwisho? Ile redio ya mzee bado ipo? Maana kama ipo na inacheza, hedi yake ndiyo iliyorekodi, huenda ikatupunguzia kazi yote hii. Shomari unamwambia wewe au nimwambie mimi? Na Bi. Zuhura mguu umepona? Nitumie dakika mbili tu za upande wa pili wa kanda ile ile, WAV, kabla hujagusa kitu.

Wako,
Mussa