Barua ya malalamiko: mlituuzia Rishikesh ya kiangazi katikati ya Januari

Mombasa,
10 Februari 2025.

Kwa Meneja,
Idara ya Safari za Nje,
Ofisi ya Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: SAFARI YA RISHIKESH, INDIA, TAREHE 8 HADI 18 JANUARI 2025

Mimi ni yule mwalimu mstaafu aliyekuja ofisini kwenu mwezi wa Novemba na jirani yake, mama wa Kihindi mwenye umri wa miaka 74 ambaye mtaa mzima tunamwita Ba. Huenda mnatukumbuka, maana tulikalia viti vyenu karibu saa mbili nzima tukiuliza maswali. Hilo la maswali nalitaja makusudi. Kama tusingeuliza, nisingekuwa na la kuandika.

Tulilipa shilingi 285,000 kila mmoja kwa safari ya Rishikesh, mji mtakatifu wa Wahindu kando ya mto Ganga, na juu yake shilingi 48,000 kila mmoja kwa ajili ya helikopta ya kwenda Kedarnath, hekalu la mungu Shiva lililo juu milimani. Risiti ninazo, pamoja na ile ratiba yenu ya kurasa nne yenye picha ya watu wamevaa fulana, wameketi mchangani kando ya mto.

Nianze na hiyo helikopta, kwa kuwa ndiyo iliyomtoa Ba nyumbani. Mimi dini yangu nyingine. Nilikwenda kwa sababu ya mgongo wangu na kwa kuwa watoto wake hawakupata ruhusa kazini. Yeye alikuwa na nadhiri. Marehemu mumewe alitaka kufika Kedarnath akafariki kabla, na Ba akasema atakwenda yeye. Mbele yangu alimuuliza karani wenu, kwa Kiswahili chake cha Mombasa ambacho ni safi kuliko changu: "Mwanangu, huko si kuna theluji wakati huo?" Karani akamjibu, "Ba, helikopta haijui theluji." Tukacheka sote. Tukalipa.

Siku ya pili baada ya kufika, nilimpelekea mzee wa mapokezi hotelini ile karatasi ya helikopta ili atueleze gari litatuchukua saa ngapi. Akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna maandishi mengine. Kisha akamwita mwenzake, naye akaisoma. Ndipo tukaambiwa kwa upole mkubwa, kama mtu anayeletewa habari ya msiba, kwamba Kedarnath imefungwa tangu tarehe 3 Novemba.

Haikufungwa kwa bahati mbaya, Bwana Meneja. Hekalu lile liko mita 3,583 juu ya bahari, na hufungwa kila mwaka siku ya Bhai Dooj, sikukuu ya kaka na dada, siku chache tu baada ya Diwali, halafu hufunguliwa Aprili au Mei. Tarehe ya kufunguliwa hutangazwa siku ya Maha Shivaratri, sikukuu ya mungu Shiva. Mahekalu mengine ya hija ya milima ile, Badrinath, Gangotri na Yamunotri, nayo hufungwa majira ya baridi. Kwa hiyo siku ile tulipokuwa tumekaa mbele ya meza yenu tukihesabu noti, mlango ulikuwa umeshafungwa, na kila dereva wa teksi pale Rishikesh alikuwa anajua.

Lililoniuma zaidi ni hili. Hekalu linapofungwa, sanamu ya mungu wao hubebwa kwa machela hadi mji wa Ukhimath, katika hekalu la Omkareshwar, na ibada ya Kedarnath huendelea huko majira yote ya baridi. Serikali ya jimbo la Uttarakhand yenyewe inawahimiza mahujaji waende huko wakati huu wa mwaka. Kutoka Rishikesh ni safari ya kutwa kwa gari, barabara ya milimani. Yaani nadhiri ya Ba ilikuwa na njia, tena ya bei nafuu kuliko helikopta. Ilihitaji tu mtu ofisini kwenu awe anaijua, atupangie siku mbili za kwenda na kurudi.

Tulijaribu kuipanga wenyewe. Nilipiga ile nambari yenu ya dharura "ya saa 24" mara tisa, tarehe 11 na 12. Iliita mpaka ikakata. Jibu lenu la WhatsApp likaja tarehe 14 jioni: "Pole sana, hali ya hewa ni jambo la Mungu." Wakati huo siku zilizobaki hazikutosha, na Ba, ambaye barabara ya mlimani humtapisha, alikuwa ameshakata tamaa. Aliniambia tu, "Mungu kahamia Ukhimath, na sisi tumelipia helikopta." Hakulitaja tena jambo hilo mpaka tunarudi.

Sasa hilo la hali ya hewa. Nakubali kwamba ukungu ni wa Mungu. Ndege yetu ndogo ya kutoka Delhi kwenda Dehradun, mji wa jirani na Rishikesh wenye uwanja wa ndege, ilifutwa kwa ukungu, na simlaumu mtu kwa ukungu. Nawalaumu kwa kutupangia ndege ya alfajiri katika mwezi ambao Delhi hugubikwa na ukungu kila mwaka, bila kutuachia hata nusu siku ya akiba wala mtu wa kutupokea. Tuliachwa uwanjani na masanduku yetu. Tukakodi teksi kutoka Delhi hadi Rishikesh kwa rupia 7,000. Umbali ni kama kilomita 240 na ratiba yenu inasema kwa barabara ni saa tano. Sisi tulitumia kumi na moja. Dereva aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, akifuata taa nyekundu za lori lililokuwa mbele yetu, na kila lori liliposimama nasi tulisimama. Ba alishika tasbihi yake njia nzima, mimi na yangu.

Ratiba inatuambia tulete "nguo nyepesi za pamba, kandambili na mafuta ya kujikinga na jua." Tulitii. Mchana Rishikesh ni pazuri, jua la kuota, unaweza kuvua koti. Ila jua likishuka nyuma ya mlima, upepo hutoka kwenye bonde la mto ukapita chini ya milango, na alfajiri simu yangu ilionyesha nyuzi 7. Kwa mtu wa Mombasa, nyuzi 7 ni habari ya kusoma gazetini. Chumba chenu cha "daraja la kwanza" kilikuwa na sakafu ya marumaru na feni mbili darini. Feni! Usiku wa kwanza Ba alilala na sari tatu, shali na soksi zangu. Kuanzia usiku wa pili tulikodi hita ya umeme kwa rupia 500 kila usiku, kwa siku sita. Maji ya moto yalikuja kwa ndoo, na ndoo ilikuja kama kijana hayuko mbali.

Mwalimu wa yoga, mtu mwema sana, alipoona tumeandikiwa "yoga ufukweni saa kumi na mbili alfajiri" alicheka mpaka akajishika tumbo. Hapa kwetu saa kumi na mbili kunapambazuka. Kule Januari jua halichomozi mpaka saa moja imepita, na likichomoza bado linatakiwa kuupanda mlima kabla halijaufikia mchanga. Akatuhamishia kwenye paa la jengo, saa nne, juani. Mgongo wangu umepata nafuu, na shukrani hiyo ni yake.

Halafu kuna ile ibada ya taa jioni, Ganga Aarti, kwenye ngazi za mto upande wa Swarg Ashram, mtaa wa ng'ambo ya mto. Kwenu imeandikwa saa moja jioni. Tarehe 10, pamoja na uchovu wote wa ukungu, nilimvisha Ba, tukapanda tuktuk, tukavuka daraja la Ram Jhula kwa miguu, hatua kwa hatua, maana lile daraja hutikisika na yeye magoti yake hayana nguvu. Tulifika saa moja kasoro dakika tano. Ngazi zilikuwa tupu. Vijana wawili walikuwa wakifagia petali za maua kuelekea mtoni, wa tatu anafuta masizi kwenye taa za shaba kwa kitambaa. Ibada hufuata machweo, na machweo ya Januari ni kama saa kumi na moja u nusu. Ilikuwa imekwisha zamani. Ba akasimama pale akiangalia maji, akaniuliza, "Tumechelewa?" Sikujua nimwambie nini. Nilimwambia kesho tutawahi, na kesho yake tukawahi, kwa kuwa nilimuuliza kijana mwenye kitambaa badala ya kuisoma karatasi yenu.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea. Saa ya aarti, nguo za pamba, yoga ya alfajiri mchangani, helikopta: yote ni ya mwezi wa Mei. Mlichukua ratiba ya kiangazi, mkabadilisha tarehe juu, mkaibandika bei. Tena hata hiyo ya kiangazi ni ya zamani. Mnasema hoteli iko "hatua chache kutoka Laxman Jhula, mnavuka hapo kwenda ng'ambo." Daraja lile la mwaka 1929 liliamriwa lifungwe mwaka 2019 baada ya wahandisi kusema haliko salama. Sisi tulilazimika kuzunguka hadi Ram Jhula kila tulipotaka kuvuka. Na ukurasa wa tatu mmeahidi "jioni ya nyama choma kando ya mto." Bwana Meneja, ule ni mji mtakatifu, nyama na pombe ni marufuku ndani ya mipaka yake. Kuku mwenyewe hatukumwona siku zote tulizokaa. Hili sidai chochote, maana wali wao na dengu vilitutosha, ila nawaomba mlifute kabla hamjamuaibisha mteja atakayekwenda kuulizia mishikaki mlangoni mwa ashram, yaani nyumba yao ya ibada.

Sitaki mdhani nalalamikia Rishikesh. Wakati wa baridi mji ule una utulivu ambao wenyeji wanasema Mei huupati: foleni hakuna, mto umepungua na maji yake ni ya kijani, unaona mawe chini. Tarehe 14, siku ya Makar Sankranti, sikukuu ambayo Wahindu huoga mtoni, Ba aliniomba nimshike mkono ateremke ngazi tatu. Aliingia mpaka magotini, akachota maji kwa viganja akajimwagia kichwani, mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa ajili ya marehemu. Alipotoka midomo ilikuwa ya samawati na anacheka kama msichana. Mama mmoja muuza chai akatupa vikombe viwili vya chai ya tangawizi, kali kama ya kwetu, akakataa pesa. Hiyo ndiyo sehemu ya safari iliyofana, na haimo kwenye ratiba yenu.

Madai yangu ni haya. Kwanza, shilingi 96,000 za helikopta ya watu wawili kwenda mahali palipofungwa. Pili, rupia 7,000 za teksi na rupia 3,000 za hita, ambazo kwa kiwango tulichobadilishia cha shilingi moja na nusu kwa rupia ni shilingi 15,000. Jumla 111,000. Shali mbili tulizonunua sokoni siwadai. Tunazo na tunazitumia tukipanda gari la usiku la Nairobi. Risiti zote nimeambatanisha, pamoja na nakala ya ratiba niliyoizungushia kalamu nyekundu kila palipokosewa. Ni mazoea ya kazi, mtanisamehe.

Karani wenu wa simu aliniambia wiki iliyopita kwamba fomu niliyotia sahihi inasema "kampuni haiwajibiki kwa mabadiliko ya hali ya hewa." Nimeisoma tena. Kufungwa kwa Kedarnath si mabadiliko ya hali ya hewa. Ni jambo la kalenda, na mliulizwa na mteja mwenyewe kabla ya kupokea pesa. Kumuuzia mtu huduma ambayo haipo ni jambo linalogusa Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012. Nawapa siku 21 kuanzia tarehe mtakayopokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi nitapeleka faili hili Mahakama ya Madai Madogo, ambako kiasi hiki kinaingia vizuri na wakili si lazima.

Lipo moja la mwisho, nalo si la pesa. Ba hataki kushtaki mtu. Anachotaka ni kuambiwa samahani na yule kijana mwenyewe, yule wa helikopta haijui theluji, ana kwa ana. Nyumbani kwake mnapajua, fomu yenu ina anwani. Huwa anapumzika mchana. Afike baada ya alasiri, na asije mikono mitupu, kwa Ba mtu haji hivyo.

Wenu,
Mteja wa risiti mbili zilizoambatanishwa,
Mwalimu mstaafu, Mombasa.