Mshono wa upasuaji ufuatiliwe kwa simu ya wodi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wagonjwa wanaofanyiwa upasuaji na kuruhusiwa kurudi nyumbani. Mke wangu alipojifungua kwa upasuaji, siku ya saba mshono ulivimba na kuanza kutoa majimaji, nami nikaupiga picha karibu na dirisha, penye mwanga, nikaituma kwa WhatsApp kwa muuguzi aliyetupa namba yake. Akatuambia twende siku hiyo hiyo, na nauli tukakopa kwa jirani.

Maambukizi ya kidonda huweza kujitokeza hadi siku 30 baada ya upasuaji, wakati mgonjwa yuko mbali na wodi. Picha, ni kweli, haioneshi homa wala harufu, hivyo lazima iambatane na maswali. Linalonisumbua zaidi ni kwamba picha ya tumbo la mke wangu ilibaki katika simu binafsi ya muuguzi, ilhali nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Naiomba Wizara ya Afya ielekeze kila wodi ya upasuaji iwe na simu yake, na muuguzi wa zamu anayelipwa kwa kazi hiyo.

Msomaji wako,
Morogoro