Barua kwa mwanangu anayekwenda kuuguza wazee

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umepewa kazi ya unesi katika nyumba ya wazee, na wenzako mnaomaliza nao chuo wanakucheka kwamba huko pesa ni mbaya, uongozi hakuna, na unakwenda kuizika taaluma kabla hujaianza. Mmoja amekwambia kabisa kwamba anayeiacha hospitali akaenda kwa wazee harudi tena. Unaniuliza kama uikubali. Baba yako amenishauri nikujibu kwa neno moja, ndiyo au hapana. Sitaweza, kwa sababu ndiyo yangu ina masharti.

Nianze na pesa, maana hapo wenzako hawajakosea. Ile mishahara ya madaraja ya NHS, huduma ya afya ya serikali, ambayo nesi mpya anaanzia daraja la 5, haimfungi mwajiri wa nje. Nyumba nyingi za wazee hapa Uingereza ni za makampuni, za watu binafsi au za mashirika ya hisani, na kila mmoja anapanga analolipa. Unaweza kuona malipo ya saa yamezidi ya wodini ukafurahi, kisha ukakuta mwajiri anakuwekea pensheni asilimia 3, kiwango cha chini kabisa kisheria, wakati NHS inaweka zaidi ya asilimia 20. Ukiugua, huenda ukapata kile kiwango cha serikali peke yake, na hicho hakilipi kodi ya nyumba. Yaulize haya kabla ya kutia sahihi. Usione haya, mwajiri naye anakuhitaji kuliko anavyokuonyesha.

Wakisema huko hakuna uongozi, hapo nakataa.

Wodini, nesi mpya ana watu wa kumkimbilia. Kuna sista wa zamu, kuna daktari wa kuitwa, kuna timu inayokuja mbio moyo wa mtu ukisimama. Kwa wazee, ikifika usiku, mara nyingi wewe ndiye nesi pekee jengo zima. Una wahudumu kadhaa, una funguo za kabati la dawa mfukoni, na una simu. Cheo chako kwenye mkataba kinaweza kuwa cha chini kabisa, lakini saa nane usiku wote wanakutazama wewe. Kwa hiyo usisubiri siku utakayopewa ofisi ndipo uanze kujifunza kuongoza. Zamu yako ya kwanza ya usiku itakukuta wewe ni kiongozi tayari, upende usipende.

Nikupe mfano wa kawaida. Mhudumu anakuja mlangoni anasema, "Sista, mzee wa chumba cha mwisho hayuko sawa leo." Unamuuliza kwa nini. "Nimemvua viatu, hajanigombeza." Basi, hana zaidi ya hilo. Mzee ana ugonjwa wa kusahau, hawezi kukuambia kifua kinamuuma, wala hana homa. Nesi asiyeijua kazi hii atacheka aendelee kugawa dawa. Nesi anayeijua ataacha trei, atakwenda kumpima: pumzi, oksijeni, presha, mapigo, joto, na kama yuko macho sawasawa. Alama za NEWS2, zile za kutambua mgonjwa anayezidiwa, umezifundishwa chuoni, na unajua kwamba mkanganyiko mpya peke yake una alama 3, na kwamba jumla ikifika 5 huna muda wa kuzubaa. Ila hazikwambii mkanganyiko wa jana ulikuwaje. Hilo anajua mhudumu, aliyemwosha na kumlisha kwa miaka. Na atakuambia tu kama mara iliyopita alipokuletea neno dogo kama hilo ulimsikiliza. Ukimjibu vibaya mara moja, hatakuja tena, na wewe hutajua kamwe ni nini ambacho hukuambiwa.

Halafu inabaki kuamua. Unaita gari la wagonjwa? Unapiga 111, simu ya NHS ya ushauri, uzungumze na daktari wa usiku? Unamwacha kitandani kwake umwangalie kila baada ya dakika chache? Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau akipelekwa hospitali usiku, akakaa kwenye machela kwenye korido yenye taa kali, anaweza kurudi akiwa mbaya kuliko alivyokwenda. Lakini pia kuna nimonia inayotaka dawa ya mshipani usiku huohuo. Faili lake lina fomu ya matakwa yake, yaliyozungumzwa na familia na daktari wakati kuna utulivu. Isome mchana, siku ya kwanza unapoanza kazi, faili kwa faili. Usiku si wakati wa kuitafuta. Kumpeleka ni uamuzi na kumbakiza ni uamuzi, na vyote viwili utaviandika, saa ngapi, kwa nini, na ulizungumza na nani.

Kuhusu kuwapa wahudumu kazi, kanuni za NMC, baraza linalosajili wauguzi, zimesema wazi: ukimkabidhi mtu jambo, wewe ndiye unayewajibika kwa uamuzi wa kumkabidhi. Uhakikishe analiweza, ameelewa, na unafuatilia. Nakuandikia hili kwa sababu ya watu fulani utakaokutana nao. Miongoni mwa wahudumu wako watakuwapo waliokuwa wauguzi makwao, wengine wauguzi wakubwa kuliko wewe. Walikuja kwa viza ya kazi ya uhudumu, na usajili wa hapa hawajaupata. Usiku ukikubana utashawishika kumwambia mmoja wao akuchanganyie dawa au akubadilishie bandeji ya kidonda kirefu, maana unajua anaweza. Usimtie mtegoni. Likiharibika jambo, wa kwanza kuumia atakuwa yeye. Unachoweza kumfanyia ni kingine: muulize amefika wapi na mtihani wa vitendo wa usajili, mpe nafasi akutazame, na mkumbushe kwamba tangu 2023 NMC inapokea taarifa ya mwajiri kuhusu Kiingereza cha mtu aliyekaribia alama za kupita bila kuzifikia. Wengi hawajui. Na tangu Julai 2025 mlango wa kuajiri wahudumu wapya kutoka ng'ambo umefungwa, kwa hiyo hawa waliopo ndio hazina. Nyumba yenye akili inawasomesha. Isiyo na akili inawachosha, halafu inalalamika kwamba haipati wauguzi.

Kuna jambo moja litakalokujaribu kuliko la mgonjwa mahututi, nalo ni familia yenye upendo. Nilikuwa na mkazi, bibi mmoja mkali, aliyekuwa akitema vidonge vyake. Mwanawe alikuja kuniomba, tena kwa machozi, niwe navisaga na kuvificha kwenye chakula. Meneja wa wakati huo aliona ni jambo dogo, nifanye tu tupumue. Sikufanya. Sheria ya uwezo wa kiakili ya mwaka 2005 inaanza kwa kudhani kwamba kila mtu mzima anao uwezo wa kujiamulia, mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mtu ana haki ya kuamua jambo ambalo wewe unaliona si la busara. Nikampima uwezo wake kwa uamuzi huo mmoja, si kwa maisha yake yote. Ikaonekana kwa dawa hizo hana uwezo. Hata hapo kuficha hakukuwa ruhusa ya moja kwa moja: daktari, mfamasia, mtoto wake na mimi tulikaa, tukaangalia kila kidonge kama bado kina faida. Mfamasia akavifuta kadhaa. Viwili vilivyobaki vilipatikana vya maji, na bibi akavinywa bila ugomvi, kwani alichokichukia tangu mwanzo ni ukubwa wa vidonge. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Unaona sasa kwa nini nakasirika wakisema kwa wazee unesi unasahaulika. Wiki moja tu inaweza kukuletea vidonda vya mgandamizo, mpira wa kulishia tumboni, kisukari, ugonjwa wa kutetemeka (Parkinson), na mtu anayekufa ambaye dawa zake za mwisho, mofini na nyinginezo, zimewekwa kabatini mapema zisubiri. Utajifunza kukadiria siku alizobakiza mtu. Utajifunza kumwambia mtoto wa mtu aje leo, asingoje Jumamosi. Zamani nilidhani hilo ni la daktari.

Ila dharau ipo, na ina historia. Shirika la Skills for Care, linalohesabu wafanyakazi wa sekta hii, lilionyesha nafasi za wauguzi zikishuka kutoka 51,000 hivi mwaka 2012 hadi karibu 33,000 miaka kumi baadaye, ilhali wazee hawakupungua. Nyumba nyingine ziliacha kabisa huduma ya unesi zikabaki na wahudumu tu. Kisha ikaja 2020 na Korona. Machi na Aprili mwaka ule wagonjwa walitolewa hospitali wakaletwa kwetu bila kupimwa, na Aprili 2022 Mahakama Kuu ikasema sera hiyo ilikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu haikuzingatia kwamba mtu asiye na dalili anaweza kuambukiza. Sitakueleza niliyoyaona miezi ile; wewe ulikuwa mdogo lakini uliniona nikirudi. Ninachotaka ujue ni kwamba serikalini hapakuwa na muuguzi mkuu aliyekuwa akisimamia upande wetu. Deborah Sturdy aliteuliwa Desemba 2020, wa kwanza kushika nafasi hiyo kwa huduma ya jamii ya watu wazima. Wapo wanaosema cheo hakiuguzi mtu. Kweli. Lakini kabla ya hapo, wakubwa wa unesi walipokutana, sisi tulikuwa watu wa kuzungumziwa.

Sasa kupanda. Wodini ngazi imejengwa na wengine, unaipanda. Huku lazima uijenge mwenyewe, na hili ndilo sharti langu kubwa. Kwa kuwa wauguzi ni wachache, usishangae mwaka haujaisha ukaitwa upewe unaibu meneja. Utajisikia umependwa. Uliza kwanza: nitapata saa ngapi za kazi hiyo nikiwa nje ya zamu? Wakikujibu utaifanya hapohapo huku unagawa dawa, kataa kwa heshima. Umeneja wenyewe ni kazi nzito ya kisheria. Meneja anasajiliwa kwa jina lake CQC, wakaguzi wa huduma hizi, na nyumba ikiharibika anaweza kushtakiwa yeye binafsi. Wala si lazima awe nesi. Nimefanya kazi chini ya meneja asiyewahi kushika sindano, na alikuwa bora kuliko wauguzi wawili waliomtangulia. Kwa hiyo usiende huko kwa kudhani ndiyo njia pekee ya kukua.

Njia nyingine zipo, na kwa maoni yangu zinakufaa zaidi. Unaweza kusomea kuandika dawa mwenyewe ukishapata uzoefu. Unaweza kushika uuguzi wa wanaokaribia kufa, au ugonjwa wa kusahau, ukawa mtu ambaye hata daktari wa familia anampigia simu kabla ya kuja kwenye ile duru yake ya kila wiki ya kuwaona wazee. Unaweza kupokea wanafunzi wa unesi, na nakuomba hili ulianze mapema, kwa maana mwanafunzi aliyefunzwa vizuri kwa wazee hatamcheka mwenzake kama ulivyochekwa wewe. Taasisi iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Queen's Nursing Institute, iliyoanzishwa 1887 kwa wauguzi wa majumbani, siku hizi inatoa heshima ya Queen's Nurse hata kwa wauguzi wa nyumba za wazee.

Na usajili wako ni wako, si wa mwajiri. Kila miaka 3 NMC itataka saa 450 za kazi, saa 35 za mafunzo na 20 kati ya hizo uwe umejifunza pamoja na wengine, maoni 5 ya watu kuhusu kazi yako na tafakuri 5 ulizoandika. Hospitali ina ofisi ya kukukumbusha. Huku usimtegemee mwajiri akukumbushe. Hizo saa 20 ndizo zinazowashinda wauguzi wa zamu za usiku. Tafuta wauguzi wa nyumba jirani mkutane, hata iwe mara moja kila miezi michache, mjadili kesi. Sisi tulianza watu wanne jikoni kwa mmoja wetu, na hadi leo hao ndio ninaowapigia nikikwama.

Ripoti ya CQC ya nyumba hiyo iko wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma. Ruka maneno ya kwanza, nenda sehemu ya uongozi, uone wanasemaje kuhusu meneja, kisha uliza ni wangapi wamepita kwa miaka mitano. Kisha omba kuitembelea jioni, wakati wa makabidhiano, si asubuhi wanapokuandalia. Mwangalie nesi anayetoka zamu: je, mhudumu akimkatiza, anamsikiliza? Muulize pia usiku anampigia nani, na huyo mtu hupokea?

Mkataba nitumie kabla hujaurudisha, hasa kurasa za ugonjwa na za gharama za mafunzo, kwa sababu wengine huandika kwamba ukiondoka mapema utawalipa. Nina zamu hadi Alhamisi. Ijumaa mchana nipigie, nitakuwa nimeamka.

Mama yako